Dereva wa Akiba

Mtu akikuambia Norman alichaguliwa kwa ujuzi, mcheke. Mimi Onesmus ndiye kapteni, na nilimchukua kwa sababu mbili: van tuliyosafiria ilikuwa ya bosi wake, na Julius wetu alikuwa ametumwa Dammam ghafla na kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Mashindano yanataka watu wanne. Tulikuwa watatu na ubishi.

Mchezo wenyewe ni wa vigari vya rimoti. Tairi zake ni za plastiki ngumu, kwa hiyo kwenye sakafu laini kigari huenda kikiteleza ubavu. Huteleza viwili viwili: cha mbele kinaongoza, cha nyuma kinakifuata karibu bila kukigusa, kisha vinabadilishana. Sisi Wakenya wa Riyadh hufanya mazoezi kila Ijumaa katika parking ya chini ya jengo moja pale Murabba, na kila mwaka tunaenda Jeddah kuaibishwa.

Norman hakutaka kikombe. Alitaka mkewe. Rael anafanya kazi ya nyumbani Aziziya, huko huko Jeddah, na tangu waingie Saudia, kila mmoja na mji wake, walikuwa hawajaonana ila kwenye simu. Safari hii madam wake alikuwa amemruhusu atoke baada ya Alasiri, arudi kabla ya Magharibi.

"Utacheza raundi ya kwanza tu," nilimwahidi Norman. "Uchapwe, uende kwa mkeo. Halas."

Nilimwazima kigari changu mwenyewe, chenye bodi ya Probox niliyoichonga na kuipaka rangi kwa mkono wangu. Nakipenda kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Sasa, Norman ni dereva wa nyumba, na ana miaka akimbeba madam wake na kikombe chake cha gahawa bila kumwaga tone. Pale Jeddah, chini ya jengo karibu na Balad, kigari kisichotosha hata paka alikiendesha kana kwamba madam amekaa nyuma. Kila kona nilimsikia akinong'ona, "Sori madam, kona."

Wesley wa Jeddah, mtu wa mbwembwe, alimfuata kwa kasi akamgonga. Mwamuzi, Elkanah, naye ni dereva wa nyumba. Akainua mkono. "Anayegonga nyuma ndiye mwenye makosa. Norman anaendelea."

Norman akanitazama kama mtu aliyehukumiwa kifungo. Aliyefuata alikosa subira, akajaribu kuonyesha ufundi, akaingia ukutani. Norman anaendelea. Sisi wengine tulikuwa tumeshatolewa zamani.

"Kapteni," akaniambia, rimoti mkononi, "Alasiri imepita. Rael ananingoja getini kwa madam wake."

"Ukitoka sasa timu nzima inatolewa. Moja tu."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilijua methali hiyo, na bado nikasema "moja tu" mara nyingine, na nyingine. Norman ni mtu wa haya. Akampigia Rael simu achukue teksi aje.

Rael alifika wakati wa fainali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Shemeji, ni dakika chache tu," nikamwahi.

"Dakika za nani?" akauliza. "Zangu anazihesabu madam."

Akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, akafungua bakuli la mandazi, akamwangalia Norman, akalifunga tena. "Alikuahidi kucheza," akaniambia. "Mwache amalize."

Afadhali angenitukana.

Fainali ilikuwa dhidi ya Samuel, kapteni wa Jeddah, anayenichapa kila mwaka na kunitumia video. Norman akaanza nyuma, akamfuata bila kumgusa, akamzidi alama. Kabla ya kubadilishana nafasi, Samuel akaomba kubadilisha betri, na sheria inaruhusu. Tukangoja. Rael akaangalia simu yake, akaiweka, akaiangalia tena. Nami nilikiona kikombe pale mezani, nikaona na sura ya Samuel, na moyo ukanidunda kwa furaha chafu.

Vigari vikaondoka tena. Norman mbele, Samuel nyuma, jasho likimtoka kwa hofu ya kugonga. Kona ya kwanza, nikatega sikio nimsikie Norman na madam wake.

"Sori, Rael," akanong'ona.

Kona ya pili, "Sori, Rael."

Ilibaki kona moja niitwe bingwa. Lakini baada ya kona hiyo kuna kikombe, picha na hotuba, na Magharibi ilikuwa imekaribia. Nikaingia uwanjani kwa buti langu la kazi ya ulinzi na kuikanyaga Probox. Ilipasuka kwa sauti ndogo iliyonichoma mpaka ini.

Kisha Elkanah akatangaza kwamba timu ya Riyadh imetolewa kwa utovu wa nidhamu wa kapteni, na wenzangu wakaanza kuniita majina ambayo mama yangu hakunipa.

Norman alikuwa bado amesimama, akibonyeza rimoti kwa nguvu zake zote.

"Unangoja nini?" nikamfokea, machozi yakinilenga. "Gari limekufa. Mkeo yule pale. Yalla!"