Panya wa Balozi Kondo

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, mwaka 1975, Rosalia aliingia nyumbani kwao Mtoni, akatua mkoba wake na kusema, "Mama, Jumatatu niwe na panya. Mzima, na asiwe amekula dawa."

Mama yake, Adelina, alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Panya wa nini, mwanangu?"

"Wa kupasua. Ni jaribio la mwisho la Biolojia kabla ya mtihani wa kidato cha sita. Mwalimu Gaudens kasema kila mtu aje na wake. Asiye naye atatazama wenzake. Na mie mara iliyopita nilikata mshipa, damu ikafunika kila kitu, sikuona moyo wala ini. Nisipopata kurudia, mtihani utanishinda."

Siku nyingine Adelina angecheka. Mtoni na kukosa panya! Lakini mwezi ule yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa afya wa darasa la elimu ya watu wazima, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Aliingia kila nyumba katika zile nyumba kumi alizoziongoza Balozi Kondo, akachungulia mivunguni, akazibisha mashimo, akawasomea watu kitabu cha afya kwa sauti hata wale waliokuwa wakila. Kesho yake wageni wa kamati ya afya wangekuja kutoa bendera ya usafi, na mtaa mzima ulijua itatundikwa mlangoni kwa nani. Adelina alikwisha kupigilia msumari.

Basi akajifunga kanga, akaenda kutafuta panya.

"Shikamoo, Bibi Chausiku."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba panya."

Bibi akaacha kutafuna tambuu. "Panya? Kwangu? Juzi umeingiza kichwa mpaka kwenye mtungi wangu, hukutosheka?"

"Siyo ukaguzi, bibi. Nina shida naye kweli."

"Mitego hiyo kawategee watoto!"

Kila mlango ukawa ndiyo hivyo. Marijani seremala aliapa kwamba hajaonana na panya tangu uhuru. Mkewe akaongeza kwamba hata huyo wa kabla ya uhuru alikuwa mpita njia.

Adelina alitega mtego kwake kwa kichwa cha ng'onda, samaki mkavu. Asubuhi kichwa kilikuwa pale pale. Rosalia alikitazama. Akaenda kukaa uani, akawa anachora moyo wa panya mchangani kwa kijiti. Mama yake akaona afadhali angelia.

Mchana wageni walikaribishwa kwanza chakula kwa Balozi Kondo, na majirani wakaitwa. Balozi alisimama.

"Ndugu wageni, katika nyumba zangu kumi, panya tunamsikia redioni tu."

Hapo hapo panya mnene akatoka chini ya kiti cha Balozi mwenyewe, akakatiza mkeka, akasimama mbele ya sinia la wali kama aliyealikwa.

Marijani akainua fimbo. Adelina alimwahi: alinyakua kawa lililofunika wali, akamfunika panya, akalilalia kwa kifua.

"Msimuue!"

"Mama," akauliza mkubwa wa wageni, "panya huyo ni wa nani?"

Adelina akamtazama Balozi. Balozi akatazama dari. Fimbo ya Marijani ilikuwa ingali juu. Adelina akaukumbuka msumari wake, kisha akakumbuka kile kijiti mchangani.

"Ni wangu, ndugu. Namfuga kwa masomo ya binti yangu. Ametoroka."

"Unafuga panya? Wewe, msimamizi wa afya?"

"Ndiyo, ndugu."

Bendera akapewa Balozi Kondo. Aliipokea bila kumtazama mtu.

Jumatatu jioni Rosalia alirudi mbio. "Mama, safari hii sikukata mshipa! Nimeona moyo, nimeona ini, nimevionyesha vyote! Mwalimu kashangaa alivyonona. Ati huyu amelelewa kwa tui la nazi."

"Amelelewa kwa Balozi," akajibu Adelina, akalitundika koti jeupe la maabara la binti yake kwenye ule msumari wa mlangoni.

Nawe uliyefika hapa, mpe jirani naye asome, na asiyejua kusoma msomee kwa sauti. Ila ukikaribia nyumba yenye bendera, punguza sauti kidogo.