Mkono wa Kulia wa Mwalimu Léonce

"Inua mkono kama unavyouinua ukicheza," alisema Mwamini Mukasine, pini tatu zikiwa kati ya midomo yake.

Mwalimu Léonce akainua mkono wa kulia, kiwiko juu, vidole vikiwa vimeshika upinde ambao haukuwepo. Akasimama hivyo katikati ya kiduka cha Biryogo, mtu mzima, mrefu, macho amefumba, kwapa wazi mbele ya fundi mwenye mkasi. Mwamini alilitazama kwapa lile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akapitisha utepe, akasoma namba, akaandika.

Angejua! Lakini hakujua, na huko kutojua kwake ndiko kulikomkata Mwamini maini. Bwana yule alikuwa amekulia Bukoba, akaenda kusomea fidla Ubelgiji, akarudi Kigali na Kiswahili kizuri na adabu za kumwita kila mwanamke aliyemzidi umri "mama". Alipoingia dukani alisalimia vizuri, akaulizia afya, akasifia usafi wa meza. Wallahi, hata shetani angesalimia vile kabla ya kukaa.

Aliyemleta ni Kirezi, binti mratibu wa tamasha, ambaye alikuwa amezunguka kwa mafundi wa mji mzima akitafuta wa kuwashonea wanamuziki wake makoti manne meusi. Kila koti alilojaribisha lilibana. Mcheza fidla akiinua upinde, koti lote lilipanda nao hadi masikioni. Ndipo mtu akamwambia, nenda Biryogo kwa washona kanzu. Babu yake Mwamini alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, akawaachia wajukuu zake lugha na ufundi. Na katika kanzu za ukoo ule kulikuwa na kipande ambacho mteja hakioni: kikwapa, kitambaa kidogo cha pembe nne kinachoshonwa chini ya mkono, ili mtu anyanyue mikono kwenye swala bila nguo nzima kumfuata.

"Kwa hiyo siri yote ni hicho kitambaa kidogo?" aliuliza Mwalimu Léonce, akishusha mkono.

"Ni hicho tu, mwalimu."

"Basi mama, bahati yangu iko kwapani mwako." Akacheka mwenyewe. Mwamini akatoa pini mdomoni moja moja, akamwambia arudi Ijumaa.

Tamasha lenyewe lilikuwa la muziki wa chumbani, kama wenyewe wanavyouita. Watu wanne, ala nne za nyuzi, hakuna kipaza sauti, na wasikilizaji mia mbili wanaokaa kimya hata ukimeza mate jirani anakusikia. Hufanyika kila Julai, kiangazi kikishakausha vilima na vumbi la ujenzi wa Kinyinya likishazoea kutua hadi kwenye vikombe vya chai. Mwamini asingejua lolote juu ya mambo hayo kama si Mahoro, binti yake wa pekee, ambaye kwa miaka sita alicheza viola katika chumba cha nyuma ya duka. Viola ni ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito kidogo. Mahoro aliipenda kupita kiasi, na mama mtu, ambaye mwanzoni aliona ni kelele, akajikuta anashona kwa kuifuata.

Mwezi wa Mei wanafunzi wa muziki walipimwa mbele ya wazazi, mpimaji akiwa Mwalimu Léonce, na mcheza viola bora angeingia kwenye kundi la wanne. Mahoro alisimama, akacheza. Hakufika hata nusu. Mwalimu Léonce alipiga makofi mawili ya kumkatiza.

"Tiki-tiki-tiki-tiki," alisema. "Binti, hicho ni cherehani, si muziki. Mikono hii kawashonee watu nguo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mahoro alirudi nyumbani, akaifunga viola kwenye sanduku lake, akalisukuma chini ya kitanda. Kesho yake asubuhi alivuta kiti, akakaa kwenye cherehani ya pili. "Nimeambiwa nishone," alisema, na tangu siku hiyo maneno yake kwa mama yake yalikuwa ya vifungo na uzi tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alishona vizuri mno, mishono iliyonyooka ambayo Mwamini hakuweza kuitazama. Miezi miwili nyumba ikawa kimya, na Mwamini akaapa kwamba yule mtu ataionja aibu ile ile, mbele za watu vile vile, na ataionja kwa kazi ya mikono aliyoidharau.

Ndiyo maana makoti matatu alimwachia Mahoro, la nne akalishona mwenyewe.

Alilikata kwa uangalifu kuliko nguo ya harusi. Kola ikakaa, mabega yakakaa, bitana ikalala bila kunyanzi. Alipofika kwenye mkono wa kulia akakiweka kikwapa kando, akatafuta uzi wa pamba uliochoka, akaushikiza mkono ule kwa bandi tu, hatua ndefu ndefu za sindano, zile ambazo fundi huzipiga kwa muda na kuzifumua kabla ya kushona kweli. Bitana ikaficha yote. Kwa miaka thelathini hakuwahi kutoa nguo dukani ikiwa bado na bandi. Vidole vyake viligoma mara mbili, na mara mbili akavituliza kwa kikombe cha chai. Mara ya tatu vikakubali, na baada ya hapo, usiniulize kuhusu huruma, alishona kwa raha kabisa.

Ijumaa Mwalimu Léonce alilijaribu koti, akainua mkono taratibu, akaridhika. Kirezi naye akafurahi hadi akaomba jambo jingine. "Mama, Jumapili uje na sindano yako, ukae nyuma ya pazia. Wale wanamuziki ni watu wa kuhangaika, kifungo kikikatika watanililia mimi."

"Nitakuja," alisema Mwamini. Asingekosa hata kwa dawa.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa matofali kule Kiyovu ulikuwa umejaa. Mwamini alikaa kwenye kistuli nyuma ya pazia, pochi ya sindano mapajani, jicho kwenye upenyo. Muziki wa kwanza ulikuwa wa taratibu, upinde unakwenda kama mtu anayepiga pasi. Bandi ikavumilia. Mwamini hakuwa na haraka. Alikwisha kumsikia Kirezi akisema kwamba sehemu ya pili ndiyo ya vurugu, ile ambayo mcheza fidla hurusha kiwiko hadi watu wa mbele wanarudi nyuma.

Lakini mapumziko yalipofika, Mwalimu Léonce alikuja moja kwa moja kwenye kistuli, jasho usoni.

"Mama, hapa kwapani kunaachia. Nimesikia uzi ukikatika. Tuna dakika kumi."

"Inua."

Akainua. Mwamini akapitisha kidole chini ya bitana. Hatua tatu za bandi zilikuwa zimekwenda, zilizobaki zilikuwa zinasubiri zamu. Akachomoa sindano, akatunga uzi. Mtu yule alikuwa amesimama mbele yake kama siku ile dukani, na Mwamini akaona hawezi tena kunyamaza. Aibu isiyojua inatoka wapi ingekuwa nusu aibu.

"Mwalimu, unamkumbuka Mahoro?"

"Mahoro yupi?"

Mwamini alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa hasira, hata kwa kuombwa radhi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Wa viola. Mwezi wa Mei. Ulimwambia anacheza kama cherehani, akawashonee watu nguo."

Mwalimu Léonce akafikiri, na akafikiri kwa dhati, hilo Mwamini aliliona wazi usoni pake. "Wa viola walikuwa watano. Huenda nilisema. Mama, mwalimu wangu kule Ubelgiji aliniambia mimi nina mikono ya mchinja nguruwe, na aliniambia kila wiki. Ndivyo tunavyofundishwa." Kisha akatazama ile sindano, na uso ukambadilika. "Ni mwanao?"

"Ni mwanangu. Na anayewashonea watu nguo ni mimi."

"Ah, mama yangu. Sikujua kabisa. Nisamehe."

"Ulisema mbele za watu. Nenda pale mbele, ukalirudishe neno lako mbele za watu."

"Leo? Wageni wale hata hawamjui binti mwenyewe!" Alijaribu kutabasamu. "Ulikuwa utani, mama. Kila mtu alicheka siku ile. Hata wazazi wenyewe walicheka."

Sindano ikasimama.

Kulikuwa na jambo ambalo Mwamini alilikalia tangu Mei, na alilikalia vizuri hata yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba halipo. Siku ile alichelewa, akapata kiti safu ya mwisho. Alisikia "tiki-tiki-tiki" tu. Aliona mabega ya watu wa mbele yanatikisika, ukumbi umechangamka, wazazi wenye magari yao wanacheka, na yeye, ambaye kwa miaka sita aliona haya kukaa kati yao, akacheka nao. Alicheka kicheko kizima, kichwa nyuma. Maneno yenyewe yalimfikia baadaye, na yalipomfikia, Mahoro alikuwa amekwisha kuinua uso na kutazama safu ya mwisho.

"Mama? Dakika mbili."

"Imekwisha," alisema Mwamini, akakata uzi ambao haukuwa umeshona kitu.

Mkono ulitoka dakika ya saba ya sehemu ya pili. Katika ukumbi ule usio na kipaza sauti ulitoa mlio mrefu, chraaa, na wote wanne wakaacha kucheza. Mwalimu Léonce akautazama mkono wa koti ukining'inia kwenye kiwiko chake. Akageuza shingo, akatazama pazia, penye upenyo hasa, na Mwamini akajua kwamba ameelewa. Akauvuta mkono ule, akaung'oa kabisa, akaulaza sakafuni kwa heshima, akainamia watu kidogo. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Naye akaanza upya, shati jeupe limewaka begani, mkono huru kuliko ulivyokuwa mwanzo, na hata Mwamini, ambaye hakutaka, alisikia kwamba anacheza vizuri kupita hapo awali. Mwisho watu wakasimama.

Mwamini aliitafuta ile raha. Aliisubiri ije, kama mtu anayesubiri chafya, na haikuja. Kilichobaki masikioni mwake ni kicheko kile tu, na kilikuwa kile kile cha Mei. Alikusanya sindano, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga Kirezi, akapanda pikipiki.

Mahoro alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa mlango wa uani, anapinda suruali ya mteja. Hakugeuka.

"Mkono umeng'oka?" aliuliza.

Mwamini alisimama palepale. "Ulijua?"

"Niliiona bandi Alhamisi, ulipokwenda kuswali."

"Na hukusema."

"Nilitaka kuona kama utaweza."

"Umeng'oka," alisema Mwamini. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Wakacheka. Kisha wakampigia makofi, wakasimama. Mahoro, yule mtu hakukumbuki. Nilimtajia jina, akaniuliza yupi."

Mguu wa Mahoro uliendelea kukanyaga. Suruali ikafika mwisho wa pindo, akaigeuza, akaanza upande wa pili.

"Na mimi siku ile nilicheka," alisema Mwamini.

Cherehani ikanyamaza.

"Sikusikia alichosema. Niliona wenzangu wanacheka, nikaona nisiwe mimi tu ambaye—"

"Nilikuona."

"Mwanangu, wallahi sikusikia."

"Nilikuona, mama." Sasa aligeuka. Hakuwa analia, na Mwamini angetoa chochote alie. "Yule simfahamu. Mtu nisiyemfahamu aseme anavyotaka, ningerudi kesho yake nikamchezea mpaka achoke. Mimi niliinua macho nikutafute wewe. Na nikakupata. Miezi miwili unamkunjia uso yule, hadi unamshonea koti, na mimi niko hapa, hatua mbili kutoka kwako."

"Nisamehe."

"Unaninong'oneza."

Kweli alikuwa ananong'ona. Mwamini akakohoa, akafungua mdomo tena, lakini Mahoro alikuwa amesimama. Alipita kando ya meza ya kukatia, akaondoa komeo la mlango wa kibarazani, akasukuma mbao zote mbili. Mwanga wa jioni ukaingia, na sauti za mtaa. Pale nje walikaa mafundi sita wa kibaraza kile, majirani wa miaka yote, na wateja wao wakinywa chai na sambusa, na watu wanaotoka msikitini wakipita.

"Siku ile kulikuwa na watu," alisema Mahoro. Akarudi nyuma, akaegemea ukuta, akasubiri.

Mwamini alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na uso mkavu wa mtu aliyesubiri muda mrefu na anayeweza kusubiri zaidi, na Mwamini aliufahamu uso ule, kwa maana ndio aliokuwa nao yeye mwenyewe saa mbili zilizopita nyuma ya pazia. Akainuka. Akajiweka sawa mtandio kichwani, akavuka kizingiti, na watu wawili watatu wakamwamkia, wakamuuliza tamasha lilikuwaje. Cherehani sita zilikuwa zinalia kwa pamoja. Aliinua mkono kuziomba zinyamaze, na moja baada ya nyingine zikanyamaza.