Mama Asipande Hiyo

Nani aliwaambia watu kwamba mwanamke akianguka na pikipiki, kosa ni la mwanamke? Nauliza kwa sababu siku ile nilifika nyumbani kiwiko kimechubuka, ute wa mayai umenikaukia mpaka kwenye nywele, na neno la kwanza la kaka yangu halikuwa pole. Lilikuwa, "Si nilisema?"

Kaka yangu ni fundi wa pikipiki. Mtaa mzima unamwita Injinia, na jina lenyewe limempanda kichwani. Mimi nasambaza mayai madukani kwa pikipiki yangu mwenyewe, na ni yeye aliyenifungia mipira mipya ya usukani, ile ya kushikia. Tangu siku hiyo mipira ikawa inacheza. Nikivuta mafuta, mpira wa kulia unazunguka mkononi kwanza, ndipo injini inaitika. Nilimfuata nikamwambia, nikamfuata tena. Jibu ni lile lile, tena anacheka: "Mipira ni mizima, dada. Mikono yako ndiyo ina jasho. Uza hiyo pikipiki ufungue duka, utulie."

Basi asubuhi hiyo niko katikati ya njia panda, lori linakuja, navuta mafuta nipite. Mpira ukazunguka bure, kama koki ya bomba iliyokufa. Injini ikabaki inanguruma pale pale. Lori likapiga honi, nikajitupa mtaroni na pikipiki na mayai yangu yote. Dereva alinitukana tusi ambalo siwezi kulirudia mbele ya watu wenye heshima zao.

Sasa niko uani, mama ananikanda kiwiko kwa maji ya moto, na Injinia amesimama na soda yake anatoa hotuba. Kwamba barabara haina huruma. Kwamba wanawake hawana mkono wa mafuta. Mama akasema ni siku yake ya kupimwa presha kliniki, na muda unakwenda. Mimi ndiye ninayempeleka siku zote.

"Haya mama, vaa viatu nikupeleke," nikasema. "Pikipiki inawaka."

"Mama asipande hiyo!" Kaka aliropoka.

Mama aliacha kukanda.

"Kwa nini asipande?" nikamuuliza. "Si mipira ni mizima? Si mikono yangu ndiyo mibovu?"

"Nasema tu... umeumia."

"Kaka, nitazame."

Hakunitazama. Alitazama soda.

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikachukua bisibisi, nikaichomeka chini ya mpira wa kulia, nikauvuta. Loo! Ulitoka wenyewe bila ubishi, na ndani ulikuwa umejaa ute wa sabuni, unateleza. Sabuni inauingiza mpira kwa urahisi na inautoa kwa urahisi vile vile, na ukinyeshewa tu inaamka upya. Kaka analijua hilo kuliko sisi wote. Wateja wake huwafungia kwa petroli, inayokauka na kuuacha mpira umenata, na juu yake anakaza waya.

"Nilitaka uogope tu," akasema. "Uogope, uache. Sikutaka uanguke, haki ya Mungu."

"Nilivyokuwa nakuja kukulalamikia, ukawa unanicheka, ulikuwa unajua?"

Akaiweka soda chini.

"Mjinga wewe! Ningekuwa chini ya lori ungewaambia nini watu msibani? Kwamba nilikuwa na jasho?"

"Usimtukane kaka yako," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyemwambia akutoe kwenye pikipiki. Nilimwambia afanye anavyojua yeye. Ukichelewa kidogo tu, mwanangu, roho yangu haikai."

Nilikuwa na majibu mengi, yote machungu, na hakuna hata moja ambalo mtu anamwambia mama yake. Nikafanya kazi. Nilichukua yale maji ya moto nikasuuza sabuni yote, kwenye mipira na kwenye usukani, nikakausha kwa kitambaa. Nikapitisha msasa kwenye lile bomba la plastiki linalokaa ndani ya mpira wa kulia na kuvuta waya wa mafuta. Nikatia petroli kidogo ndani ya mpira, nikausukuma kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho, kisha nikaurudisha nyuma kidogo usije ukasugua na kukwamisha mafuta. Kushoto vile vile. Petroli ilipokauka nikazungusha waya mwembamba, nikakaza kwa koleo, ncha nikazilaza zisichome kiganja.

Kaka alinyoosha mkono. "Lete nikushikie."

"Gusa uone."

Niliizungusha ile mipira kwa nguvu zangu zote na kwa hasira zangu zote. Haikusogea.

"Panda, mama," nikasema. "Unachelewa."

Akapanda. Siku zote mama akipanda hunikumbatia kiuno kwa mikono miwili, akaniegemezea shavu mgongoni, na kwenye kila tuta ananiambia polepole, polepole, mpaka namcheka. Safari hii alishika chuma cha keria. Nilisikia pete yake ikigonga kile chuma kwenye matuta yote mpaka kliniki, na sikumwambia anishike.