Aliyemwelewa Baba

Tangu kiharusi kimpige Rosaire Ouellette, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo huko Fort Kent, Maine, maneno yake yalitoka yamemegukameguka, na aliyeyaelewa alikuwa mmoja tu: bintiye Noémie, mwenye miaka kumi na sita. Mama alikwisha kufa zamani. Ndiyo maana barua ya mpango wa kubadilishana wanafunzi ilipofika, kwamba amepata familia ya kumpokea Ufini kwa mwaka mzima, Noémie aliificha chini ya godoro kwa siku tisa.

Alipoitoa, shangazi yake Lucille alihamia pale nyumbani ili ajifunze kumwelewa Rosaire. Kiangazi kizima kikawa cha masomo.

"Haya, baba kasema nini?"

"Kasema... anataka soksi?"

"Supu, shangazi! Supu!"

"Huyu mdogo wangu naye! Zamani alikuwa hafungi mdomo, leo ananitegea mafumbo."

Rosaire alicheka kwa upande mmoja wa uso. Lakini Agosti ilipoingia alikuwa hacheki tena. Shangazi akikosea mara tatu, baba aligeukia ukutani akakaa na njaa yake. Noémie alipanga nguo sandukuni huku akisikiliza chumba cha pili: swali, kimya, swali, kimya. Mara mbili alizitoa zote akazirudisha kabatini.

Asubuhi ya kuondoka, mama mratibu wa mpango alipiga honi nje. Noémie alipiga magoti mbele ya kiti cha baba. Rosaire alimshika kwa mkono wake mzima, akajikaza, akatoa neno moja.

"Nenda!" Shangazi Lucille alipiga makofi. "Kasema nenda! Jamani, leo nimemwelewa mwenyewe!"

Noémie alikuwa amekisikia kile kipande kidogo cha mwanzo, kilichomezwa na ulimi mzito. Usiende. Alimtazama baba, na baba akajua kwamba amesikia.

"Ndiyo, shangazi," alisema. "Umepatia."

Mkono wa Rosaire ulilegea, ukaanguka pajani. Noémie alimbusu kwenye paji la uso, akabeba sanduku.

Garini mratibu alimuuliza kama amemuaga mzee wake vizuri. Aliitikia kwa kichwa, kisha akateremsha kioo, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, akauacha uso wake ulowe.