Fimbo ya Mama Mkwe

Siku ya ukaguzi ilikuwa na harufu yake. Siku nyingine zote kiwanda chetu cha sabuni kilinuka mafuta yaliyochacha na magadi. Siku ya mkaguzi kilinuka rangi mbichi. Ukifika getini asubuhi ukakuta mistari ya njano imepigwa upya sakafuni na mlango wa dharura umetolewa kufuli, hukuhitaji kuambiwa. Mgeni anakuja.

Msimamizi wetu, tuliyemwita Sawasawa kwa kuwa hajawahi kuijibu amri ya bosi kwa neno jingine, alikuwa anagawa kofia ngumu kutoka stoo. Kofia za plastiki, bado zina vumbi la ukaguzi uliopita, na jioni zingerudi zilikotoka. Mabuti ya mpira hayakutosha, hayajawahi kutosha, kwa hiyo walipewa wanaofanya kazi karibu na mlango. Mgeni huanza kutazama pale anapoingilia. Akifika katikati ya kiwanda macho yameshachoka. Sisi wa ndani tukabaki na viatu vyetu vya kitambaa vilivyolowa na kofia kichwani, kana kwamba umeme wa kiwanda kile ulidondoka kutoka darini kama mavi ya popo.

Umeme wetu haukutoka darini. Ulikaa kwenye mashine ya kuchanganyia, pipa kubwa la chuma lenye sanduku la swichi ubavuni. Ndani ya sanduku waya ulikuwa umechubuka na kuegemea chuma, na mashine nzima ikawa inauma. Haikuwa siri. Ukiigusa kwa bahati mbaya huku umesimama kwenye maji, na sakafu ya kiwanda cha sabuni haijui kukauka, mkono unakufa hadi begani, na hapo umshukuru Mungu kama ni mkono tu. Tuliiita Mama Mkwe. Haguswi, haegemewi, na ukimwendea unamwendea kwa adabu, toka mbali, ukiwa na kitu mkononi.

Kitu chenyewe kilikuwa fimbo, kipande cha mpini wa ufagio alichokikata mzee wetu wa usafi. Kilining'inia kwenye msumari ukutani, upande wa kulia wa mashine. Chini palikuwa na kichaga cha mbao, ili mwendeshaji asikanyage maji. Unapanda kichaga, unanyoosha mkono kulia bila kutazama, unachukua fimbo, unabonyeza kitufe cha kijani. Jioni vivyo hivyo kwa chekundu. Hakuna mhandisi aliyetufundisha. Tulijifundisha wenyewe, baada ya kaka yangu.

Kaka yangu ndiye aliyeendesha Mama Mkwe kabla hajapewa jina hilo. Alikufa akiifuta kwa kitambaa kibichi, mashine ikiwa imezimwa, maana waya ule haukujali imezimwa au inazunguka. Mkaguzi alikuja, akaondoka, na taarifa yake ikasema marehemu alijisahau. Neno hilo nimelishika hadi leo. Kuna watu wanashindwa kusamehe matusi. Mimi nimeshindwa kusamehe neno la upole. Alijisahau! Mtu ambaye hakuweza kutoka nyumbani bila kurudi mlangoni kuhakikisha moto wa jiko umezimwa.

Msibani bosi alikuja na miwani ya jua, akasema familia haitaachwa. Kweli haikuachwa. Mke wa marehemu, wifi yangu, alipewa kazi ya mumewe, kwenye mashine ileile. Wajane wengine hurithiwa na shemeji zao. Wifi yangu alirithiwa na mashine.

Nilisema. Nilisema kantini, nikasema getini, nikasema mbele ya bosi mwenyewe, kwamba mashine ile inataka waya mpya na inataka athi, ule waya unaoupeleka umeme uliopotea chini ardhini kabla haujampata mtu. Sikusomea mambo hayo darasani. Niliwauliza mafundi, kila aliyekubali kuulizwa, mpaka wakawa wakiniona wanabadili njia. Kwa mdomo huo nilitolewa kwenye kuchanganya nikatupwa meza ya kufungasha. Hilo nililimeza. Walipoona nimelimeza wakapata dawa iliyo bora zaidi: kila nilipofungua mdomo, aliyeitwa ofisini kuonywa alikuwa wifi.

Ndiyo maana asubuhi ile, tukinawa mikono kwenye bomba la nje, wifi yangu alinishika kiwiko.

"Wifi, leo mdomo wako uuache hapa bombani."

"Utalowa."

"Ulowe. Nakuomba usiseme neno. Ukisema wewe, nafukuzwa mimi. Mtoto wa kaka yako hajamaliza shule, na mimi sina kiwanda kingine mfukoni."

Nilimuuliza, je, siku Mama Mkwe akimchoka? Akasema wao wawili wanaelewana, ukimpa heshima yake naye anakupa yako. Alisema kwa utani, lakini mkono wake ulikuwa bado unanibana. Nikaapa. Nikamwapia kwa jina la kaka yangu kwamba halitanitoka neno.

Kuapa hakukuwa kazi kubwa, maana siku za ukaguzi Mama Mkwe hulala. Desturi ilikuwa hivyo: mashine inafunikwa turubai, inatundikwa kibao cha "Matengenezo", na wifi anapewa fagio ajifanye wa usafi. Fimbo na kichaga vinafichwa nyuma ya madumu ya magadi, kwa sababu mpini wa ufagio ukining'inia kando ya mashine ya umeme unaleta maswali. Yaani vitu viwili tu vilivyotuweka hai ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuonewa aibu.

Mkaguzi alipoingia nilimjua kabla hajavua miwani. Ni yuleyule wa kujisahau. Sharubu zilizokuwa nyeusi zilikuwa zimekuwa nyeupe, na goti moja lilikuwa linamvuta nyuma, lakini mkoba ulikuwa uleule wa ngozi, na ule mwendo wa mtu anayetembelea wagonjwa asiowajua. Yeye hakunijua. Alitazama kofia zetu, akaandika. Alitazama mlango wa dharura, akaandika. Bosi alikuwa ubavuni mwake akimweleza habari za chai iliyokuwa ikisubiri ofisini.

Akafika kwenye turubai akasimama. Akauliza hii ina nini. Sawasawa akajibu matengenezo.

"Mwaka juzi ilikuwa kwenye matengenezo," mkaguzi akasema, akifunua jalada la wakaguzi wenzake. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu asichonunua. "Na safari ya kabla ya hapo. Sabuni mnakoroga na nini, mwiko?"

Kuna waliocheka nyuma huko, wakakumbuka, wakameza. Bosi alicheka kuliko wote. Kisha akafanya kosa la mtu aliyezoea kusema chochote na kuaminiwa: akasema mashine imepona jana tu, ila vijana wamesahau kuifunua.

"Basi iwasheni niione, nikapumzike."

Turubai likavutwa. Sawasawa akamwangalia wifi yangu. Aliinua kidevu tu, kama mtu anavyomwonyesha mbuzi njia. Wifi akaegemeza fagio ukutani akaenda.

Kutoka mezani kwangu niliona miguu yake. Alisimama pale ambapo kichaga huwa kinakaa, na maji yakamzunguka viatu. Halafu mkono wake wa kulia ukaenda kando, kwenye msumari, bila yeye kuutazama, kama mkono wa mtu anayetafuta swichi ya taa chumbani kwake. Vidole vikafumba. Havikukuta kitu. Vikafunguka, vikafumba tena.

"Unatafuta nini, mama?" mkaguzi akauliza.

Bosi akasema huyu mama huwa anaingiwa na woga mbele ya wageni. Sawasawa akasogea kidogo akasema kwa sauti ya chini, abonyeze tu, asiwacheleweshe watu. Wifi akakitazama kitufe cha kijani. Kisha akafuta kiganja chake kwenye gauni, mbele na nyuma, polepole, na hapo nikajua kwamba atabonyeza. Alikuwa anaukausha mkono. Alikuwa ameshampima mtoto na mkono, akaona mtoto ni mzito zaidi.

Niliapa nisiseme neno na sikusema. Niliweka chini katoni niliyokuwa naifunga, nikapita katikati ya bosi na mkaguzi bila kuomba njia, nikaenda nyuma ya madumu. Kichaga kilikuwa kizito kwa kulowana. Nikakiburuta. Kilipiga kelele sakafu nzima na kuacha mkwaruzo mrefu juu ya mistari yao mipya ya njano. Hakuna aliyenizuia, nadhani kila mmoja alidhani nimetumwa na mwenzake. Nikakisukuma miguuni pa wifi. Nikarudi nikachukua fimbo, nikamtia mkononi.

Alinitazama kwa jicho ambalo hata adui hajanitazama nalo. Kisha akapanda juu ya kichaga, akabonyeza kijani kwa ncha ya fimbo, kama kila siku, na Mama Mkwe akaanza kunguruma.

"Natafuta hii," akamwambia mkaguzi.

Mkaguzi akaomba izimwe. Ikazimwa, kwa fimbo. Akatoa testa kwenye mfuko wa shati, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini, akaigusisha kwenye ubavu wa pipa. Mashine imezimwa, imetulia, na taa ikawaka nyekundu kama jicho la mlevi. Akaondoa, akagusisha pengine. Ikawaka. Bosi akaanza kueleza kwamba hiyo fimbo ni mazoea ya wafanyakazi tu, wamekatazwa mara nyingi, wana imani zao.

Mkaguzi hakumgeukia. Alimuuliza wifi kabla ya fimbo walikuwa wanatumia nini.

"Mume wangu," wifi akasema.

Nilisubiri. Ningependa kusema alishtuka, kwamba alikumbuka kalamu yake na lile neno. Labda alikumbuka. Nilichoona ni mzee akiinama kwa shida, goti likimuuma, akifungua mkoba na kuzungusha utepe mwekundu wa marufuku kwenye pipa, mzunguko baada ya mzunguko, mingi kuliko ilivyohitajika. Akaweka saini. Chai ya ofisini hakuinywa. Akanipita bila kunitazama, nami sikuwa na neno la kumpa, maana nilikuwa nimeapa.

Njiani kurudi nyumbani wifi alitembea mbele. Tulipofika kwenye kona ya kuachana akasimama.

"Uliapa."

"Sikusema neno."

"Mikono yako nayo ina mdomo, wifi."

Alichokitabiri kikawa. Akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, na mtu akiambiwa hivyo kwenye kiwanda kile huwa anazeeka akisubiri. Mimi hawakunifukuza, walijua adhabu yangu inauma wapi. Kila nilipotoka kazini nilimpitia na kikapu, na kila mara alikipokea mlangoni, akanishukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru jirani mgeni. Hakuna kitu kinachochosha kama adabu ya mtu aliyezoea kukutania. Nilijiambia yuko hai. Usiku na mchana nilijiambia hivyo. Lakini uhai haupikwi, na mtoto alikuwa ameanza kurudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada.

Kilichotuokoa hakikuwa huruma. Ilikuwa sabuni. Utepe ule haukuweza kuondolewa na bosi, na bila Mama Mkwe hakuna sabuni ya kufungasha, na maduka hayataki kusikia habari za utepe. Fundi akaletwa. Na kwa kuwa waliojua kuiendesha mashine ile ni wachache, na hao wachache wote ghafla waliumwa migongo siku moja, maana tulikubaliana bombani, wifi akaitwa.

Alifika akamkuta fundi nyuma ya ukuta, akinywa chai. Kazi ilikuwa imebaki kidogo. Waya wa swichi alishaubadilisha. Akaiweka chini chai, akachukua nondo ya shaba yenye urefu wa mtu, akaigongomea ardhini kwa nyundo, akafunga waya kichwani mwa nondo, akakaza kwa spana. Akarudi kwenye chai yake. Ilikuwa bado ya moto.

Mimi na wifi tulikuwa tumesimama tukitazama. Hakuwa amesimama karibu nami hivyo tangu siku ya utepe.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

Fundi alidhani ana wasiwasi na kazi yake. "Ni hiyo tu, mama. Wala si kazi kubwa."

Wifi akachuchumaa. Akafuta udongo kwenye kichwa cha ile nondo kwa vidole, kama anayemfuta mtoto uso. "Ni hiyo tu, wifi," akasema, safari hii kwangu. Maneno yote niliyokuwa nimeyaweka akiba miaka yote ile, ya kantini na ya getini, niliyatafuta nisiyaone hata moja. Nikachuchumaa naye.

Ndani, Sawasawa alikuwa ameshatupa kichaga na fimbo. Alisema sasa hatuvihitaji, bosi hataki kuviona. Akainua kidevu. Wifi akaenda akasimama mbele ya Mama Mkwe, juu ya maji. Mkono wake ukanyooka kulia, bila kutazama, ukafika kwenye msumari, ukafumba hewa.

Akaurudisha. Akaugeuza, akaigusa mashine kwa mgongo wa kiganja, kidogo tu, kama unavyopima homa. Kisha akaweka kiganja kizima juu ya chuma. Haikumuuma. Hakuutoa mkono. Sawasawa akasema washa basi, watu wanasubiri, na wifi hakuutoa mkono. Tukabaki hivyo kiwanda kizima, tumesimama na kazi mikononi, tukimsubiri.

Halafu akabonyeza kijani, na mimi nikarudi mezani kufungasha.