Siku ya Kusafisha Rejeta

Lori lilichemsha kwenye mwinuko wa Atok, tena asubuhi ya baridi kali, majani ya kabichi mashambani yakiwa bado yameshika barafu. Lingechemsha mchana wa jua, Lamberto angelilaumu jua. Alisimama kando ya barabara mpaka mshale wa joto ukashuka, akaongeza maji ya kijito kama alivyozoea, akafika soko la La Trinidad kwa kujikokota. Wakati wa kurudi, lori likiwa tupu, alikwisha kujua kuwa kazi ile haikwepeki tena. Maji yote ya rejeta yatolewe, njia zake zisafishwe, ijazwe upya.

Tabu ni kwamba kazi hiyo inataka watu wawili, na huyo wa pili alikuwa Wilbur.

Lori lilikuwa lao wote wawili. Walilinunua likiwa kuukuu wakati Wilbur alipokuwa mume wa Orelia, dada yake Lamberto. Orelia alifariki, wakamzika hapo kwao Buguias, na wanaume hao wakaendelea kulipokezana lori kama kawaida. Kisha, mavuno yaliyopita, Lamberto akasikia sokoni kwamba shemeji yake ana mwanamke huko Mankayan, muosha karoti aitwaye Perla. Hakumuuliza. Alichofanya ni kupunguza maneno. Funguo akawa anamwachia chini ya kiti, na habari za mizigo akawa anamtumia kwa simu, maneno matatu au manne, bila salamu.

Jumamosi Wilbur alikuja na mpira wa maji begani na dumu la kulanti, dawa ya kupozea injini, mkononi. Lori lilikuwa uani kwa Bibi Dominga, mama yake Lamberto, limeegeshwa pua ikitazama mlimani ili hewa iliyonaswa kwenye rejeta ipate pa kutokea. Lamberto alikuwa ametoka nalo shambani muda si mrefu.

"Nasikia mgonjwa anachemsha," Wilbur akasema.

"Kama umesikia, unaniuliza nini?"

"Sijauliza, shemeji. Nimesema tu. Tuliache lipoe kwanza."

Lamberto hakutaka kukaa na mtu yule kungoja injini ipoe, maana kungoja ni kuongea. Akachukua kitambaa, akashika kifuniko cha rejeta, akakizungusha. Kikafoka mvuke. Wilbur akamvuta kwa nyuma ya shati, na maji yanayochemka yakaruka juu, yakampata yeye Wilbur mkononi, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Hakupiga kelele. Alikwenda bombani, akafungua maji, akauweka mkono chini yake huku akikunja uso.

Bibi Dominga akatoka jikoni.

"Mmezeeka bure nyie," akasema. "Nani kafungua?"

"Mimi," Lamberto akajibu.

"Na aliyeungua ni huyu. Haya. Kaa hapo hapo, Wilbur, usiutoe mkono. Na asije mtu hapa kumpaka dawa ya meno."

Basi wakangoja hivyo hivyo, Wilbur akiwa bombani na Lamberto amekaa kwenye kreti la viazi, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Lamberto alitaka kusema pole. Badala yake akanywa kahawa.

Injini ilipopoa wakaingia kazini. Lamberto alilala chini ya lori, akafungua koki ya chini ya rejeta, kisha nati ya kwenye injini yenyewe. Maji yalitoka rangi ya chai nzito, halafu yakawa matope mekundu, yakajaa karai. Wilbur, kwa mkono wake mmoja mzima na mwingine uliofungwa kitambaa, alitoa thamostati, kile kivalvu kidogo kinachotakiwa kufunguka maji yakipata moto. Akaomba sufuria kwa Bibi Dominga, akaitia maji na kuiweka motoni, akakitumbukiza kikining'inia kwenye waya. Maji yakachemka, kivalvu hakikutikisika.

"Kimekufa," akasema.

"Hiyo sufuria ya wali," Bibi Dominga akasema. "Utaisugua mwenyewe."

Wilbur akatoa kingine mfukoni, kipya. Alikwisha kukinunua juzi. Hicho kilifunguka vizuri. Lamberto alikitazama kikipanua mdomo majini, na moyoni akakiri kwamba mtu huyu alikuwa amekuja amejiandaa.

Wakafungulia kipasha joto cha ndani ya kabini, nacho kisafike, wakaunga mpira kwenye paipu ya chini ili maji yapite kinyume na njia yake ya kila siku. Uchafu uliokaa miaka ukaanza kung'oka vipande vipande. Lamberto alikuwa chini, ameshikilia mpira usichomoke. Wilbur alisimama mbele, akitazama kinachotoka juu. Hawakuwa wakionana nyuso.

"Shemeji," Wilbur akasema kutoka juu. "Kuna jambo sikutaka kulipeleka kwa wazee kabla yako."

"Nalijua. Muosha karoti."

"Anaitwa Perla."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia saa ngapi? Unaniachia funguo chini ya kiti kama vile mimi mwizi."

Lamberto akakaza mikono kwenye mpira. Kwao, aliyefiwa na mke haoi tena mpaka awachinjie nguruwe ndugu wa marehemu, wale pamoja naye na kumwachilia, na kati ya ndugu hao yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikuwa amejiambia kwamba anakasirika kwa ajili ya dada yake. Sasa, amelala pale mgongo ukilowa, akaona kwamba haikuwa hivyo hasa. Orelia angemcheka tu.

"Ukishaoa kule," akasema, "mimi nitakuwa nani kwako?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Utakuwa huyo huyo," Wilbur akasema, "anayeziba rejeta ya watu kwa maji ya kijito yenye matope."

Lamberto alicheka vibaya, maji yakamwingia puani, akakohoa mpaka mpira ukamponyoka na kumlowesha mwili mzima. Alipotoka chini ya lori alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akamtazama Wilbur mkono ule uliofungwa.

"Pole na mkono."

"Nimeshapoa."

Waliendelea mpaka maji yakatoka meupe, wakafunga koki na nati, wakafunga kivalvu kipya. Wilbur akamimina kulanti iliyochanganywa na maji safi, polepole, huku akimfukuza mbwa wa Bibi Dominga aliyekuja kunusa, maana dawa ile ni tamu na inaua. Lamberto akapanda, akawasha, akakanyaga mafuta kidogo kidogo. Kifuniko kilikuwa bado hakijafungwa. Wilbur aliibinya paipu ya juu, mapovu yakapanda, kina cha maji kikashuka, akaongeza. Ndani, kipasha joto kilipuliza baridi kwa muda mrefu. Kisha kikaanza kupuliza joto.

"Hewa imetoka," Lamberto akasema.

Wilbur akafunga kifuniko. Walipakia magunia ya viazi, wakaenda kulijaribu lori kwenye mwinuko wa juu ya kijiji, Lamberto akiendesha. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo hapo mpaka kileleni. Walisimama kugeuza.

"Mlete Perla kwa mama," Lamberto akasema. "Si kwangu. Orelia alikuwa mtoto wake kabla hajawa dada yangu. Mimi sitasema hapana."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe ni wako. Usituletee aliyekondeana."

Waliporudi uani waliacha injini ipoe, safari hii bila haraka, kisha Wilbur akafungua kifuniko. Kina kilikuwa kimeshuka kidogo, kama inavyokuwa, akaongeza. Lamberto alinawa mikono akaingia jikoni kumweleza mama yake. Wilbur alibaki nje akikunja mpira, kisha akachukua sufuria ya wali na mchanga, akakaa kuisugua, akingoja kuitwa.