Cazziata Isiyo na Kahawa

Sisi wa Napoli hatusemi mtu amekaripiwa. Tunasema amekula cazziata, na hiyo si ya kunong'onezwa pembeni. Hutolewa mbele za watu, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, na anayeila hajibu. Ila ina adabu yake: ukishamaliza kufoka, uliyemfokea anyweshwe kahawa. Akiinywa, yamekwisha. Bila kahawa cazziata iko wazi, itarudiwa siku yoyote.

Mimi Nunzia niliila yangu kwa Don Catello, fundi wa suti, mbele ya bwana harusi na mafundi wote. Koti la harusi lilikuwa limeungua na pasi mgongoni. "Mikono ya kukamulia ng'ombe hiyo!" akanitupia koti usoni. "Kuanzia leo vifungo tu!"

Kahawa? Thubutu! Miaka minne nikashona vifungo, mimi niliyekuwa nakata makoti. Iliniuma, sikufichi. Na nilijua kaliunguza yeye mwenyewe. Lakini wa kumfokea Don Catello ni mmoja tu duniani, mama yake, Donna Rachele, naye alikuwa Torino kwa bintiye. Nikalitunza lile koti kabatini, nikangoja.

Juzi Donna Rachele karudi. Kapiga pasi miaka hamsini, yule. Nikamtandikia koti mezani, akavaa miwani.

"Wewe unapiga pasi kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Na ncha ya pasi imelala huku. Aliyeunguza ana mashoto." Pale kazini mwenye mashoto ni mmoja. "Nipe shali yangu."

Dukani tulikuta wateja tele. Kibibi cha miaka themanini na minne, akalibwaga koti mezani. "Catello! Mwongo mkubwa we! Mvi zote hizo, unamsingizia mtoto wa watu? Nilikuzaa au nilikuokota?" Nusu saa nzima! Don Catello jasho linamchuruzika. Nilisogea nimwone vizuri, roho yangu ikaburudika.

Mama akanikabidhi mkasi wa kukatia makoti. "Huu wako. Sasa kalete kahawa."

Nikarudi na sinia. Nikawapa mafundi, wateja, mama. Kikabaki kikombe kimoja. Don Catello akanyoosha mkono, ule ule wa kushoto.

Nikakinywa mimi, taratibu, namtazama machoni.

"Yako bado haijaisha, Don Catello," nikamwambia, nikaenda kukata koti.